Jicho la mtoto linaloingia ndani: kungoja ni mpaka lini?

Asubuhi ya kupima watoto, kwenye kituo cha afya chochote hapa Bunia, iwe Nyakasanza ao Mudzi Pela, benchi la akina mama lina mazungumzo yake. Mama mmoja anafunua kitenge, jirani anachungulia, kiisha anauliza kwa sauti ya chini: "Mbona jicho moja ya mutoto inaangalia ku pua?" Mbele mama hajafungua kinywa, mwingine anajibu kwa niaba yake: "Acha, bado mudogo, itanyooka yenyewe."

Jibu hilo si la ujinga. Kwa wiki nyingi za kwanza ni kweli kabisa. Shida ni kwamba kuna umri ambapo linaacha kuwa kweli, na umri huo unajulikana: ni karibu miezi 4. Na ukichukua karatasi ya chanjo ya Kongo ukaangalia tarehe zake, utaona kwamba umri huo unaanguka mahali ambapo karibu hakuna mtu anamwangalia mtoto. Kwa Ituri yetu, yenye familia zinazokimbia kutoka kijiji mpaka kambi na kutoka kambi mpaka kambi ingine, nafasi hiyo tupu imekuwa pana zaidi.

Tuanze na jicho lenyewe. Kuona vizuri kunaomba kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza inafanyika ndani ya jicho: lenzi inanenepa ukitazama kitu cha karibu, inalegea ukitazama mbali. Ya pili inafanyika nje: kila jicho lina misuli 6 inayolivuta, na misuli hiyo inapaswa kupeleka macho yote mawili kwenye kitu kile kile. Shika kidole mbele yako, ukilete polepole karibu na pua. Lenzi zinanenepa, na wakati ule ule macho yanageuka kuelekea ndani. Hukuamuru lolote kati ya hayo mawili. Ubongo umezifunga kazi hizo pamoja, sawa vile watu wawili wanaobeba mgonjwa kwenye tipoy: wa mbele akikaza mwendo, wa nyuma anavutwa naye, apende asipende.

Mtoto anazaliwa na tipoy hiyo, lakini wabebaji bado hawajazoeana. Tena wamepewa mzigo usio wa kawaida. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele mpaka nyuma. La mtoto aliyezaliwa leo lina kama 17. Jicho fupi maana yake mwanga unafika nyuma mbele picha haijakaa sawa, na lenzi lazima ifanye nguvu ya ziada. Wenye kuvaa lunete wanajua zile namba za dioptri kwenye karatasi ya munganga. Mtu mzima mwenye macho mazuri, akitazama uso ulio sentimita 33 mbele yake, lenzi yake inafanya kazi ya dioptri 3. Mtoto mchanga wa kawaida ana deni la karibu dioptri 2 juu ya ufupi wa jicho. Kwa hiyo uso ule ule wa mama unamwomba dioptri 5. Lakini kichwa chake ni kidogo na macho yake yako karibu karibu, basi hahitaji kuyageuza ndani sana kama sisi. Nguvu nyingi ya kulenga, na kugeuka kidogo tu. Kama kazi hizo mbili zingefungwa kwake kwa kamba ngumu, karibu watoto wote wangekuwa na makengeza. Hawana. Kamba yao ni laini, na ubongo unaikaza na kuilegeza mwezi kwa mwezi, wakati jicho linarefuka na kichwa kinapanuka.

Ndiyo sababu wiki za kwanza zinatisha wazazi. Mtoto anaona vizuri kidogo kwa umbali wa sentimita 20 mpaka 30, yaani kutoka ziwa mpaka uso wa mama, na zaidi ya pale kuna ukungu. Mpaka karibu miezi 2 lenzi yake haijui bado kufuata kitu kinachosogea. Jicho moja linaponyoka, linarudi, linaponyoka tena, sana sana akiwa na usingizi ao akiwa ameshiba. Kati ya mwezi wa 2 na wa 4 kulenga kunakuwa kwa uhakika. Kati ya mwezi wa 3 na wa 5 macho mawili yanaanza kutoa picha moja yenye kina, ile inayomwezesha baadaye kujua kikombe kiko umbali gani mbele ya kukishika.

Huko Uingereza, mtaalamu Anna Horwood alipata wazo rahisi: aliomba akina mama ambao kazi yao wenyewe ni kupima macho waangalie watoto wao nyumbani na kuandika. Matokeo aliyotoa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kuponyoka kwa macho katika mwezi wa kwanza ni kwa kawaida sana, kunapungua baada ya miezi 2, na kwamba ni mara chache kunageuka kuwa makengeza ya kweli. Yeye aliliona kuwa alama ya macho yanayojifunza kugeuka pamoja. Kwa hiyo jirani wa benchi ana haki, lakini kwa mtoto wa wiki 6 tu, ambaye jicho lake linaenda na kurudi.

Hana haki kwa mtoto wa miezi 5. Hana haki pia kwa mtoto wa umri wowote ambaye jicho lake limekaa pembeni saa zote na halirudi katikati hata mara moja. Na hana haki hata kidogo kama ndani ya mboni, pale panapopaswa kuwa peusi, kuna weupe. Weupe huo unaweza kuwa kataraki aliyozaliwa nayo, ao unaweza kuwa kansa ya jicho ya watoto wadogo, retinoblastoma, ambayo alama yake ya kwanza inayoonekana ni weupe huo na ya pili mara nyingi ni makengeza. Wazazi wengi wanaona weupe huo kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa na taa: jicho moja limetoka jekundu, lingine jeupe. Picha peke yake haitoshi kusema ni ugonjwa gani, lakini inatosha kumpeleka mtoto kwa munganga wiki ile ile. Kansa hiyo ikikamatwa mapema mtoto anaweza kupona. Ikichelewa, inapita kwenye mshipa wa jicho mpaka kwenye ubongo.

Kuna makengeza ya uongo pia, na hapa kwetu yanawasumbua wazazi bure. Mtoto mwenye pua pana, iliyolala bado, na ngozi iliyokunjwa kwenye kona ya ndani ya jicho, anaonekana kama macho yameingia ndani wakati yako sawa. Wauguzi wana njia ya kuyatofautisha isiyoomba mashine: taa ndogo mbele ya uso wa mtoto, kama hatua ya mkono, na kuangalia kidoto cha mwanga kinaanguka wapi. Kikianguka pahali pamoja kwenye macho yote mawili, macho yamenyooka. Kikiwa katikati ya jicho moja na pembeni mwa lingine, kuna kazi ya kufanya.

Makengeza ya kweli yanakuja kwa njia kubwa mbili. Kuna yale ya mapema, mbele ya miezi 6, jicho limeingia ndani sana na halitoki. Hayo mara nyingi yanaomba upasuaji wa misuli. Na kuna yale yanayokuja wakati hakuna mtu anayeyangojea, kwa miaka 2 ao 3, mtoto alikuwa sawa kabisa. Ni tipoy yetu tena. Mtoto ambaye deni lake la kulenga lilibaki kubwa, dioptri 4 ao 5 badala ya kupungua, anajikaza ili aone karibu, na kule kujikaza kunavuta jicho ndani. Linaingia anapochora mchanga, anapotazama simu ya baba, anapochoka. Familia inasema ni homa ya wiki iliyopita. Wengine wanasema ni kijicho cha jirani, na Kiswahili chenyewe kinawasaidia, juu wivu na jicho vina jina moja. Homa inaweza kuwa imeonyesha tu kile kilichokuwa tayari. Kwa watoto hao, lunete zenye nguvu ya kutosha zinaweza kulinyoosha jicho bila kisu, juu lenzi ya kioo inafanya kazi ambayo lenzi ya jicho ilikuwa inajikaza kuifanya. Nimesikia watu wakicheka mtoto mdogo mwenye lunete. Hapo wanacheka dawa.

Lakini kwa nini haraka yote hii? Watu wazima wenye makengeza tunao, wanaoa, wanauza sokoni, wanaendesha moto. Uzuri wa uso si kitu kikubwa katika habari hii. Kubwa ni kile ubongo unafanya nyuma. Macho mawili yakitazama pahali mbalimbali, yanaleta picha mbili, na ubongo wa mtoto hauvumilii picha mbili. Unaacha kusikiliza jicho moja. Jicho lenyewe ni zima, ukilichungulia ndani hauoni kidonda, lakini limebaki bila kazi. Ndilo linaitwa jicho vivu. Wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha kwa watoto wa paka: walifunga jicho moja kwa muda katika wiki za kwanza za maisha, wakalifungua, na ubongo haukulipokea tena. Kwa paka mzima, kulifunga vile vile hakukuleta madhara hayo. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kwa binadamu dirisha hilo ni refu kuliko la paka, lakini lipo, na kwa kawaida matibabu yanafaa zaidi mbele ya miaka 7.

Mtu mwenye jicho vivu anaishi na jicho moja bila kujua. Ataligundua siku jicho zuri linapoumia. Kule Mongbwalu, kijana anayevunja mawe ya zahabu bila kitu cha kujikinga anaweza kulipoteza jicho zuri kwa kipande kimoja cha jiwe, na lile lingine halijawahi kujifunza kuona.

Dawa ya jicho vivu inashangaza kwa bei yake ndogo. Ni lunete kama anazihitaji, na plasta juu ya jicho zuri ili jicho vivu lilazimike kufanya kazi. Tafiti kubwa zilizofanywa Marekani kwa watoto wenye umri kati ya miaka 3 na 7 zilionyesha, mwaka 2002, kwamba tone la atropini kwenye jicho zuri linasaidia karibu sawa na plasta kwa jicho vivu la kadiri. Na mwaka 2003, kwamba kwa watoto kama hao saa 2 za plasta kwa siku zinatosha sawa na saa 6. Atropini si dawa ya kununua kwenye kibanda, ni sumu ikimezwa, lazima munganga aongoze. Lakini hakuna mashine ya dola elfu kumi hapo. Hata kupima deni la kulenga kwa mtoto asiyejua kusema kunaomba matone ya kulegeza lenzi na retinoskopu, taa ya mkononi ambayo mtu aliyefundishwa anaisogeza mbele ya jicho na kusoma jinsi mwanga unavyorudi.

Sasa turudi kwenye karatasi ya chanjo. Mtoto wa Kongo anapata sindano ya kwanza anapozaliwa, kiisha wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, chanjo iliyofuata katika kalenda, ile ya surua na homa ya manjano, ilikuwa ya miezi 9. Wiki ya 14 ni miezi 3 na kidogo: macho yanakaribia kutulia lakini muuguzi bado anaweza kusema tungoje. Miezi 9: kama kuna makengeza, yana nusu mwaka tayari. Ni kweli kwamba katikati kuna vitamini A ya miezi 6, na kupima kilo kila mwezi kunapaswa kuendelea. Lakini kila mtu anayefanya kazi kwenye vituo vyetu anajua kwamba mama wengi wanakuja siku ya sindano, siku ya kilo peke yake wanabaki shambani ao sokoni. Mtoto anapita kwenye miezi ile ile ambamo macho yake yanaamua, bila mtu wa afya kumwangalia usoni.

Na hapo tunazungumza juu ya mama aliye na nyumba. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na vita havijaisha. Katika wilaya ya Djugu, watu waliokimbilia kambi ya Plaine Savo walishambuliwa mule mule kambini usiku, mwanzoni mwa Februari 2022, na zaidi ya 60 wakauawa. Mama aliyetoka kule na kufika Kigonze, hapa mjini, karatasi ya mtoto mara nyingi imebaki nyuma pamoja na sufuria. Anaanza upya kwenye kituo ambacho muuguzi wake ana mstari wa watoto wenye malaria, kuhara na utapiamlo. Sitamlaumu muuguzi huyo akisema macho yangoje. Ila surua na kukosa vitamini A, magonjwa ya kambi, yenyewe yanaharibu macho, na yule anayechungulia jicho kwa sababu moja anaweza kuona lingine.

Wale wanaopinga wanaleta hoja nzito: kumpima mtoto ili umtume wapi? Nyankunde, iliyokuwa hospitali kubwa ya eneo letu kwa miaka mingi, ilishambuliwa Septemba 2002, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa, na kazi yake ikahamishiwa Oicha na mahali pengine mbele ya kuanza kujengwa tena. Goma kuna HEAL Africa yenye huduma ya macho, lakini M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, na kwa mzazi wa Bunia njia ile ikawa ndoto. Inabaki Uganda. Mengo, Kampala, kuna idara ya macho ya siku nyingi. Ruharo, karibu na Mbarara, inajulikana kwa matibabu ya retinoblastoma. Kufika kule ni barabara ya Mahagi, ambayo kila msafiri anajua mashambulizi yake kule Djugu, ao ziwa Albert kutoka Kasenyi. Kiisha shilingi za Uganda, malazi, mtu wa kubaki na watoto wengine. Familia ya kawaida ya Bankoko haiwezi hiyo safari kwa makengeza tu.

Hoja hiyo inashinda kwa upasuaji. Haishindi kwa mengine. Mtoto mwenye deni la kulenga anahitaji mtu mmoja mwenye retinoskopu hapa mjini na mahali pa kupata lunete ndogo. Jicho vivu linahitaji plasta na mama aliyeelezwa. Retinoblastoma inahitaji safari ile ngumu, ndiyo, lakini safari ya mtoto ambaye kansa yake iko bado ndani ya jicho ni tofauti kabisa na safari ya mtoto ambaye jicho limeshatoka nje. Kuchelewa hakupunguzi gharama ya njia.

Majirani zetu walishapita hapo. Kenya iliweka sehemu ya macho ndani ya kitabu cha mama na mtoto: muuguzi anaandika kama mboni ni nyeusi ao nyeupe, na kama mtoto anafuata kitu kwa macho. Tanzania, wanganga wa Muhimbili, kati yao Milka Mafwiri, walifanya kazi ya kuingiza macho ya watoto katika mafunzo ya wauguzi wa vituo vya chini. Na sisi wenyewe si wageni wa jambo hilo. Mwaka 2019, katikati ya Ebola, kliniki ya macho ilifunguliwa Beni kwa waliopona, juu ilijulikana kwamba virusi vile vinaweza kubaki ndani ya jicho. Taa, vifaa na wataalamu walifika Beni wakati risasi zilikuwa zinalia. Basi kumbe inawezekana macho yakawa neno la haraka hata wakati wa vita, mtu mwenye uwezo akiamua hivyo.

Kinachoombwa kwa Divisheni ya afya ya mkoa na kwa zoni za afya si kliniki. Ni mistari miwili kwenye karatasi: wiki ya 14, mboni nyeusi ao nyeupe, anafuata uso wa mama ao hapana, miezi 6, siku ya vitamini A, kidoto cha taa kiko pahali pamoja ao hapana. Kazi ya dakika moja, na taa ambayo kila muuguzi anayo kwenye simu, mwanga wake mdogo na kwa sekunde chache.

Mpaka mistari hiyo ichapwe, karatasi zina nafasi pembeni. Mama mwenye mtoto ambaye jicho linaponyoka anaweza kuomba muuguzi aandike pale tarehe, jicho gani, na kama linarudi katikati. Mwezi unaofuata, akiwa kituo kile kile ao kambi ingine kabisa, atakayemsoma atajua kama ni jambo la wiki 6 linaloisha ao la miezi 5 linalobaki.